Uvimbe wa thaimasi na kinga iliyoshuka ukubwani: upasuaji, dripu, sindano ya chini ya ngozi au dawa ya kila siku?

Mtu amefika miaka 50 na kitu bila kulazwa hospitali hata mara moja. Kisha, ndani ya mwaka mmoja, nimonia inamrudia tena na tena, mafua hayakauki, tumbo linaharisha wiki kwa wiki, na ulimi unafunikwa na utandu mweupe. Anapimwa VVU, majibu hasi. Anapimwa kifua kikuu, hasi. Anaanzishiwa dawa za TB hata hivyo, kwa sababu picha ya kifua ni chafu na hakuna anayetaka kuchelewa. Miezi inapita, kikohozi kipo palepale. Mwishowe anapigwa picha ya CT, na nyuma ya mfupa wa kidari unaonekana uvimbe.

Uvimbe huo huitwa thaimoma. Unaota kwenye tezi ya thaimasi, ile inayofundisha seli za kinga kazi yake tangu utotoni. Mwaka 1954 daktari Robert Good wa Minnesota, Marekani, alieleza habari za mgonjwa mtu mzima aliyekuwa na thaimoma huku damu yake ikiwa karibu haina kingamwili. Tangu hapo hali hiyo inaitwa sindromu ya Good. Ni nadra sana. Thaimoma yenyewe ni nadra, na kati ya wenye thaimoma ni takriban asilimia 6 hadi 11 tu wanaopungukiwa kingamwili kwa namna hii. Wengi hugunduliwa kati ya miaka 40 na 70, wanaume kwa wanawake.

Nalinganisha hapa njia zinazotumika kuzuia maambukizi yanayojirudia kwa mtu wa namna hii, maana familia nyingi hupewa majina ya tiba bila kuelezwa ipi inafanya nini. Msimamo wangu nautaja mapema: kwa mwenye kingamwili chache na nimonia za kujirudia, tiba ya msingi ni kuongezewa kingamwili maisha yake yote, kwa dawa iitwayo imunoglobulini, inayoingizwa kwa dripu ya mshipani au kwa sindano ya chini ya ngozi. Mengine yote yanajengwa juu ya hapo, au yanasimama badala yake pale zinapokosekana.

Kwanza, hakikisha ni huu ugonjwa

Afrika Mashariki mtu mwenye CD4 (seli za kinga ambazo VVU huzishambulia) za chini, fangasi mdomoni na mkanda wa jeshi anadhaniwa ana VVU, na mara nyingi dhana hiyo ni sahihi. Tatizo ni kwamba kipimo cha kawaida cha VVU kinatafuta kingamwili. Mtu ambaye mwili wake hautengenezi kingamwili anaweza kuonekana hasi hata akiwa na virusi. Kwa mtu kama huyu, kinachoaminika ni kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe.

Kuna dalili ya bei nafuu ambayo karibu kila maabara ya wilaya inaweza kuitoa, nami natamani ingeangaliwa zaidi. Kipimo cha ini hutoa namba mbili: protini yote ya damu, na albumini. Toa ya pili kwenye ya kwanza, unapata globulini, na humo ndimo zilimo kingamwili. Ikiwa chini ya gramu 18 kwa lita, kuna sababu nzuri ya kupima aina kuu za kingamwili zenyewe: IgG, IgA na IgM. Na hapa ndipo tofauti na VVU inapojitokeza: VVU kwa kawaida hupandisha globulini. CD4 za chini pamoja na globulini za chini ni muungano usio wa kawaida, na unastahili picha ya CT ya kifua. Eksrei ya kawaida inaweza kuukosa uvimbe mdogo ulio nyuma ya kidari.

Upungufu mwingine wa kingamwili unaoanza ukubwani hufanana na huu kwa mbali. Tofauti zake kuu: kwenye sindromu ya Good kuna uvimbe, seli B kwenye damu, zile zinazozaa kingamwili, huwa chache mno au hazipo kabisa, na mara nyingi seli T, kundi jingine la kinga ambamo zimo CD4, nazo zimeyumba. Hilo la seli T si jambo dogo. Ndilo linaloleta fangasi, virusi vya CMV machoni na tumboni, na nimonia ya nyumosistisi (fangasi wa mapafu), maradhi ambayo kuongezewa kingamwili peke yake hakuyazuii. Kumbuka pia kwamba dawa kama rituksimabu na steroidi za muda mrefu hushusha kingamwili, na kwamba figo au utumbo unaovuja hupoteza protini. Ila kwenye uvujaji huo albumini nayo huanguka.

Upasuaji dhidi ya dripu: swali lililokosewa

Familia nyingi huuliza, "Tukiutoa uvimbe, kinga si itarudi?" Ni swali la haki, kwa sababu magonjwa mengine mawili yanayofuatana na thaimoma, yaani miastenia gravisi, ule ugonjwa wa misuli kulegea, na kukauka kwa uzalishaji wa chembe nyekundu za damu, huweza kupata nafuu baada ya upasuaji. Kingamwili hazifuati njia hiyo. Kwa wagonjwa walio wengi zinabaki chini hata uvimbe ukitoka wote. Wapo hata ambao kingamwili zilishuka miaka baada ya upasuaji, wakati wenyewe wakiamini wamemaliza.

Hivyo upasuaji na imunoglobulini havishindani. Upasuaji unafanyika kwa sababu thaimoma inaweza kubana mishipa mikubwa, kupenya kwenye mapafu na kusambaa kwenye utando unaoyafunika. Kuutoa wote mapema ndiko kunakompa mtu nafasi nzuri dhidi ya uvimbe wenyewe. Imunoglobulini inafanyika kwa sababu ya nimonia. Anayeambiwa achague kimoja kwa ajili ya gharama anapaswa kujua anachokiacha: bila upasuaji uvimbe unaendelea, bila kingamwili mapafu yanaendelea kuharibika.

Mpangilio wake ndio wenye maana. Mtu asiingie chumba cha upasuaji wa kifua akiwa na makohozi ya kijani. Maambukizi yatibiwe kwanza, na ikiwezekana IgG ipandishwe kabla. Kama ana miastenia, idhibitiwe kwanza, kwa sababu siku za baada ya upasuaji ni siku za hatari kwa misuli ya kupumua. Aliyetolewa thaimoma zamani na sasa anaanza kuugua kifua mara kwa mara, apimwe IgG hata kama makovu yake yamepona vizuri kabisa.

Mshipani au chini ya ngozi?

Hapa ndipo pana uchaguzi wa kweli, kwa sababu njia zote mbili zinaleta kitu kilekile: IgG iliyokusanywa kutoka plazima ya maelfu ya wachangiaji na kusafishwa. Zamani ilichomwa kwenye msuli, sindano yenye maumivu makali na dozi isiyotosha. Ogden Bruton alipomtibu mtoto asiye na kingamwili mwaka 1952 huko Marekani, alichoma chini ya ngozi. Dripu ya mshipani ilikuja kuenea kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Tuchukue mtu wa kilo 60:

| | Dripu ya mshipani | Chini ya ngozi |
|---|---|---|
| Dozi ya kuanzia | gramu 0.4 kwa kilo, yaani gramu 24 kila wiki 3 au 4 | gramu 0.1 kwa kilo, yaani gramu 6 kila wiki |
| Ujazo | mililita 240 za dawa ya asilimia 10 | mililita 30 za dawa ya asilimia 20 |
| Muda | saa kadhaa, kitandani au kwenye kiti cha kliniki | saa moja au zaidi kidogo, nyumbani |
| Nani anaichoma | muuguzi | mgonjwa au ndugu aliyefundishwa |
| Kero ya kawaida | kichwa kuuma, homa, baridi, mgongo kuuma | uvimbe, wekundu na kuwasha palipochomwa |
| Kiwango cha IgG | hupanda sana, kisha hushuka hadi dripu ijayo | hukaa karibu sawa wiki nzima |

Mstari wa mwisho unastahili maneno zaidi. IgG hupungua nusu kwa takriban wiki 3. Mwenye kutumia dripu ya kila wiki 4 hujikuta katika wiki ya mwisho akiwa amechoka, na kikohozi kinarudi. Wengi hudhani ni mawazo yao. Si mawazo. Kinga yao iko chini kweli siku zile. Akikuambia hivyo, dawa yake ni kufupisha nafasi iwe wiki 3, au kuongeza dozi, au kuhamia chini ya ngozi.

Daktari hupima IgG kabla tu ya dripu inayofuata, ikiwa katika kiwango chake cha chini kabisa. Lengo la kuanzia kwa watu wengi ni kuvuka gramu 7 kwa lita. Uchambuzi uliojumlisha tafiti 17 uligundua kwamba kila gramu 1 kwa lita inayoongezeka kwenye kiwango hicho, nimonia zinapungua kwa asilimia 27. Mwenye mapafu yaliyokwisha kuharibika huenda akahitaji kiwango cha juu zaidi. Kwa hiyo namba ya kwenye karatasi haitoshi. Mtu mwenye IgG ya 7 anayeendelea kulazwa bado hajapata dozi yake.

Dripu inafaa zaidi kwa nani? Kwa aliye dhaifu na anayehitaji kupandishwa haraka, kwa mfano kabla ya upasuaji au akiwa wodini na nimonia kali. Kwa asiyeona vizuri, ambaye mikono inatetemeka, au asiye na ndugu wa kumsaidia. Na kwa aliye karibu na kliniki yenye wauguzi waliozoea. Udhaifu wake ni kwamba kila mwezi unahitaji mshipa mzuri, kiti, na siku nzima ya kazi kupotea, ukiachilia mbali nauli. Dripu iendeshwe polepole mwanzoni, takriban mililita 30 kwa saa kwa mtu wa kilo 60, na iongezwe taratibu. Haraka ndiyo inayoleta kichwa kuuma kukubwa kunakodumu siku mbili. Mgonjwa anywe maji ya kutosha kabla. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo, figo dhaifu, au aliyewahi kupata damu kuganda mguuni, amweleze daktari, kwa sababu dripu hii inaweza kugandisha damu na kuumiza figo, hasa ikipita kwa kasi.

Chini ya ngozi inafaa kwa mwenye mishipa migumu kupatikana, anayeugua kichwa kila dripu, anayeishi mbali, au anayefanya kazi na hawezi kuomba ruhusa kila mwezi. Wengi hudhani lazima pawe na pampu ya umeme. Si lazima. Yapo mazoea yanayokubalika ya kusukuma kwa mkono: bomba la kawaida la mililita 20, sindano nyembamba ya kipepeo, na dozi ya wiki imegawanywa mara kadhaa, tumboni au pajani. Kwa mtu wa Songea au Lodwar, hilo linabadilisha hesabu yote. Kizuizi kinabaki kwenye dawa yenyewe na mahali pa kuihifadhi. Nyingi hukaa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Baadhi huruhusiwa kukaa nje hadi nyuzi 25, lakini chumba cha Dar es Salaam au Mombasa hupita 25 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kwa hiyo kabla ya kuchagua njia hii, fikiria umeme unavyokatika mtaani kwako.

Ningeulizwa mimi kwa mtu aliye Nairobi au Dar, mwenye bima inayolipia, ningesema aanze na dripu kwa miezi michache hadi IgG itulie na mapafu yapumue, kisha ahamie chini ya ngozi kama dawa yake inapatikana bila kukatika. Kwa msomaji aliye Uingereza, Ulaya kwingine au Marekani, ambako mafunzo ya kujichoma nyumbani ni jambo la kawaida, sioni sababu ya kusafiri kwenda hospitali kila mwezi kama mikono na macho yako ni mazima. Popote ulipo, njia utakayoweza kuifuata bila kuruka ni bora kuliko nyingine, hata kama hiyo nyingine inasifiwa zaidi.

Jambo la kutochanganya: wenye miastenia iliyozidi huweza kupewa imunoglobulini ya gramu 2 kwa kilo ndani ya siku chache. Hiyo ni tiba nyingine kwa lengo lingine. Dozi ya kila mwezi ya kuzuia nimonia ni ndogo mno kutibu miastenia, na ile kubwa ikishatolewa haimaanishi kwamba umepata kinga ya mwaka mzima.

Dawa ya kila siku: septrini, azithromaisini, doksi, amoksilini

IgG ya kuchomwa inafika vizuri kwenye damu na mapafu. Kwenye utelezi wa pua, sainasi na utumbo hufika kidogo, kwa sababu huko anayelinda ni IgA, na IgA haimo kwenye chupa. Ndiyo maana nimonia hupungua lakini mafua ya usaha na kuharisha vinaweza kuendelea. Hapo ndipo daktari huongeza dawa ya kuzuia bakteria.

Septrini tunaijua sote, kwa sababu kliniki za VVU zimeitumia kwa miaka mingi. Kwa mwenye sindromu ya Good ambaye CD4 zake ziko chini ya 200, ndiyo ningeitaja ya kwanza, kwani inazuia nimonia ya nyumosistisi na toksoplazima (kimelea kinachoweza kushambulia ubongo), mambo ambayo nyingine hapa haziyafikii. Ni rahisi na inapatikana hadi zahanati. Kule Uganda ilionekana pia kupunguza malaria kwa wanaoishi na VVU. Shida zake ni vipele, ambavyo vikiambatana na vidonda mdomoni au macho mekundu ni sababu ya kuacha dawa mara moja na kwenda hospitali, na kupunguza chembe za damu. Hili la pili lina uzito kwa mwenye thaimoma, ambaye uboho wake unaweza kuwa tayari unasumbuliwa. Apime picha kamili ya damu mara kwa mara.

Azithromaisini, miligramu 250 mara 3 kwa wiki, ina ushahidi mzuri kwa wenye upungufu wa kingamwili na vifua vinavyougua kila mara: iliwapunguzia vipindi vya kuugua katika jaribio la miaka 2. Inatuliza pia uvimbe wa njia za hewa. Kwa mwenye njia za hewa zilizotanuka na kujaa makohozi, ndiyo yenye nguvu zaidi. Lakini ina masharti. Makohozi yapimwe kwanza TB na jamii yake nyingine isiyo TB, maana kuitumia peke yake juu ya vimelea hivyo hujenga usugu. Moyo upimwe kwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Na kuna sharti la tatu, zito kuliko yote kwa ugonjwa huu.

Miastenia. Wengi wenye thaimoma, karibu theluthi moja au zaidi, wanayo au wataipata: kope zinaanguka jioni, kutafuna kunachosha, sauti inakuwa ya puani. Azithromaisini na ndugu zake zinaweza kuizidisha. Siprofloksasini na levofloksasini pia, kiasi kwamba Marekani iliziwekea onyo kali mwaka 2011. Jentamaisini pia. Kwinini pia, nayo bado inatolewa kwa malaria katika baadhi ya vituo. Hizi ndizo dawa ambazo mgonjwa wa homa na kifua hupewa kwa haraka katika zahanati zetu, na anayezitoa hana kosa kama hajaambiwa. Kwa hiyo mwenye thaimoma aseme mapema, kabla ya sindano: "Daktari, nina uvimbe wa thaimasi na misuli yangu hulegea. Dawa hii ni salama kwangu?" Malaria kali itibiwe kwa atesuneti ya sindano. Levofloksasini ina ubaya wa pili: inaweza kuficha TB kwa wiki kadhaa, ikaonekana mgonjwa anapona.

Kwa mwenye miastenia na kifua kibaya, ningelinganisha doksisaikilini na amoksilini badala ya azithromaisini. Amoksilini inalenga vizuri nimokokasi, bakteria mkuu wa nimonia, na haichokozi misuli, ila hemofilasi, bakteria mwingine wa kifua, mara nyingi imeizoea, hapo huongezwa klavulaneti na tumbo hulalamika. Doksi ni nafuu, humezwa mara moja kwa siku, huhitaji maji mengi na kukaa wima ili isichome koo, na ngozi huungua kirahisi juani. Kwa mkulima au mvuvi hilo la jua si dogo.

Wengine hawatumii dawa ya kila siku kabisa, badala yake huwa na dozi ya akiba nyumbani na kuanza makohozi yanapobadilika rangi. Naikubali njia hii kwa anayepata maambukizi mara chache kwa mwaka na ambaye mapafu yake bado ni mazima. Asiwe na tabia ya kubadili dawa kila anaposhauriwa dukani, na makohozi yapelekwe maabara kabla ya kidonge cha kwanza kila inapowezekana.

Pale imunoglobulini inapokosekana

Shirika la Afya Duniani limeiweka imunoglobulini ya kawaida kwenye orodha ya dawa muhimu, mahsusi kwa upungufu wa kinga. Kuwa kwenye orodha na kuwa kwenye duka la dawa la hospitali ya rufaa ni mambo mawili, na bei yake inawatoa watu wengi machozi. Kwa asiyeweza, mpango wa pili ni septrini kila siku, dozi ya akiba, mazoezi ya kutoa makohozi asubuhi na jioni, na kulazwa mapema bila kusubiri.

Huulizwa pia kuhusu plazima ya benki ya damu. Hesabu yake ni hii: lita moja ya plazima ina takriban gramu 10 za IgG. Kupata gramu 24 unahitaji zaidi ya lita 2, maji mengi mno kwa moyo wa mtu wa miaka 60, na kila mfuko una hatari yake ya maambukizi. Inaweza kumvusha mtu siku mbaya. Kuifanya tiba ya kila mwezi sikushauri. Kama fedha za bima zinatosha dripu chache tu kwa mwaka, zungumza na daktari kuhusu kuzielekeza kwenye miezi anayougua zaidi na kabla ya upasuaji. Ni pungufu, ila ni bora kuliko kutawanya dozi ndogo zisizofikisha IgG popote.

Kuna maradhi ambayo hata mwenye IgG ya kutosha hatakiwi kuyasubiri. Macho yakiona vumbi linaloelea au ukungu ghafla, ni dharura, kwa kuwa CMV inaweza kula retina na ina dawa yake. Kuharisha kukipita wiki 2, choo kipimwe jiadia, kimelea cha utumbo, mahsusi. Maji ya kunywa yachemshwe. Chandarua kisiachwe, kwa sababu plazima nyingi duniani hutoka Marekani, kwa watu wasio na kinga ya malaria, na chupa yao haikupi wasichonacho wao.

Chanjo, na kile cheti cha njano

Chanjo zisizo hai, kama ya mafua ya msimu na ya nimokokasi, hazina madhara kwa mgonjwa huyu, ila mwili usio na seli B hauzijibu sana. Faida kubwa ni kuwachanja wanaoishi naye.

Chanjo hai ni jambo jingine, na ya homa ya manjano ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu inadaiwa mipakani. Miongoni mwa watu wa mwanzo walioripotiwa kushambuliwa ndani ya mwili na virusi vya chanjo hiyo, kadhaa walikuwa wamewahi kutolewa thaimoma. Mwenye uvimbe wa thaimasi, aliyeutoa, au mwenye miastenia inayohusiana nao asichanjwe ili tu apite uwanja wa ndege wa Entebbe au Kinshasa. Kanuni za Afya za Kimataifa zinamruhusu daktari kuandika cheti cha kueleza kwamba chanjo hiyo haimfai. Kiombwe wiki kadhaa kabla ya safari, kiwe na mhuri, na nchi uendako iulizwe kama itakikubali. Ikikataa, au kama huko kuna mlipuko, safari hiyo isogezwe. Beba pia karatasi moja yenye mambo manne: jina la ugonjwa, IgG ya mwisho na tarehe yake, aina ya imunoglobulini unayotumia na dozi, na dawa usizotakiwa kupewa. Ukipimwa damu ugenini, waonyeshe karatasi hiyo kabla ya majibu, kwa kuwa kingamwili za wachangiaji zinaweza kuonyesha kwamba uliwahi kuugua homa ya ini B au CMV wakati hukuugua. Wakitaka uhakika, wapime virusi vyenyewe.